Mbwa-mwitu na Mishipa ya Damu

Neno lupasi asili yake ni Kilatini, na maana yake ni mbwa-mwitu. Matabibu wa Ulaya wa zamani waliona nyuso zilizoliwa na vidonda, wakavifananisha na alama za meno ya mnyama huyo, na jina likakaa hata leo. Lakini wewe msomaji usidanganywe na jina hilo. Adui wa maradhi haya hatoki msituni. Ni askari wa mwili wenyewe, wale waliowekwa kutulinda na vijidudu, ambao hugeuka wakaushambulia mwili uliowalea. Nao wengi wa wanaoshikwa ni wanawake, kiasi cha tisa katika kila kumi, tena katika umri wa kuzaa.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba maradhi haya ni ya ngozi tu. Mwaka 1872, huko Vienna, tabibu Moriz Kaposi alieleza kuwa mgonjwa aweza kupatwa na homa, akaumwa na viungo, na hata kufa. Basi ikajulikana kwamba yaonekanayo usoni ni kama moshi tu, na moto wenyewe uko ndani.

Moto huo uwakapo ndipo tunapotaka kukufikisha. Mwaka 1935, katika hospitali ya Mount Sinai mjini New York, Baehr, Klemperer na Schifrin walichunguza maiti za wagonjwa wa lupasi, wakakuta kwamba mishipa midogo ya damu imeharibika mahali pengi. Katika figo, kuta za vishipa vile vyembamba kuliko unywele zilikuwa zimekakamaa na kunenepa, mfano wa waya uliopindwa. Sababu yake imejulikana baadaye: silaha za askari wale hushikamana na mabaki ya chembe zilizokufa, yakawa madonge madogo yachukuliwayo na damu, na yanapokwama katika ukuta wa mshipa huuletea uvimbe.

Dawa ya kotisoni ilipopatikana mwaka 1949, wengi ambao wangalikufa upesi waliishi. Hapo likazuka jambo lisilotazamiwa. Mwaka 1976 Urowitz na wenzake wa Toronto walitangaza kwamba vifo vya lupasi huja kwa mawimbi mawili: wengine hufa mapema, kwa ukali wa maradhi au kwa vijidudu, wengine hufa miaka mingi baadaye, maradhi yametulia, lakini mishipa ya moyo imeziba. Mwaka 1997 Susan Manzi na wenzake wa Pittsburgh walionyesha kwamba wanawake wenye lupasi wa umri wa miaka 35 hadi 44 walipatwa na mshtuko wa moyo zaidi ya mara 50 kuliko wanawake wengine wa umri huo. Fikiri, kijana: mama ambaye hajafika makamo, na moyo wake ni wa kikongwe!

Je, mshipa haujitengenezi? Hujitengeneza. Mwaka huohuo wa 1997 Asahara na wenzake wa Boston walieleza habari za chembe zitembeazo katika damu, ambazo huweza kuuziba utando wa ndani ulipochubuka, kama fundi azibavyo ufa wa ukuta. (Wataalamu wamebishana sana tangu hapo juu ya chembe hizo; nyingine zilionekana ni wasaidizi wa fundi tu.) Mwaka 2007 Mariana Kaplan na wenzake wa Michigan wakaonyesha kwamba kwa wagonjwa wa lupasi mafundi hao ni wachache na dhaifu, kwa kuwa intaferoni, kitu ambacho mwili hukitoa ili kupigana na virusi, huwaua. Kwa hiyo mshipa hupata hasara mara mbili: hubomolewa, kisha hunyimwa wa kuujenga. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu dawa ya anifrolumabu, ambayo huufunga mlango upitiwao na intaferoni.

Lakini dawa itumiwayo zaidi ni ya kale, nayo ni ndugu ya klorokwini, ile dawa chungu ya malaria iliyokuwa tegemeo letu Kenya hata mwaka 1998. Hidroksiklorokwini hutuliza lupasi, tena hupunguza kuganda kwa damu mishipani. Aitumiaye miaka mingi hupimwa macho kila mwaka, maana yaweza kuudhuru utando wa nyuma wa jicho.