Mwaka wa Kwanza Mlimani: Mgeni Aliyetengenezwa na Sera

Kila ifikapo Oktoba husikika lawama ileile katika ofisi za wahadhiri. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawawezi kusoma peke yao, hawajui kujenga hoja, bumu likiingia hawajui kulitunza. Wanaolaumu huzungumza kana kwamba mwanafunzi huyu ameteremka kutoka mbinguni na kasoro zake. Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaonyesha jambo jingine: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ametengenezwa na maamuzi ya dola, na kila zama imemtengeneza upya.

Chuo kilipofunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Walisomea katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, wakiandaliwa kwa shahada ya University of London. Miaka miwili baadaye kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Kwa kijana wa Kenya au Uganda aliyekuja kusoma sheria, kuzoea chuo kulikuwa pia kuzoea nchi ya jirani. Ugeni ulikuwepo, tena mkubwa, ila mgeni alijulikana kwa jina. Alikuwa na chumba, mlo na mwalimu aliyemwona asipohudhuria.

Dola haikumlea kijana huyo kwa hisani. Taifa lilihitaji mahakimu, maofisa tawala na walimu wa kushika nafasi zilizoachwa na wakoloni, na kila aliyeingia chuoni alihesabiwa tayari kuwa ofisa. Ndiyo maana mgogoro wa 1966 ulikuwa mkali vile. Serikali ilitaka wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira iliyobaki katika kumbukumbu za taifa, kisha akawafukuza zaidi ya 300, na kupunguza mishahara ya viongozi, wake ukiwa miongoni mwa iliyokatwa kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa baadaye.

Tukio hili husimuliwa kama ugomvi kati ya rais na wasomi wachoyo. Simulizi hiyo haitoshi. Vijana wale walikuwa wameambiwa tangu siku ya kwanza kwamba wao ni wateule. Walipodai stahiki za wateule, wakaitwa wasaliti. Jibu la dola baada ya hapo lilikuwa kumbadilisha mgeni kwa mafundisho. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, siasa na maendeleo viliingizwa katika masomo ya wote, na katika mkondo huo likakua somo la Taaluma za Maendeleo, ambalo wanafunzi wangali wanalinung'unikia hadi leo.

Hatua kubwa zaidi ilikuja Novemba 1974. Azimio la Musoma, ambalo wengi hulikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote, liliamua pia kwamba mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Afanye kazi kwanza, isipungue miaka miwili, kisha aje na mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Darasa la mwaka wa kwanza likabadilika sura. Waliokaa kwenye viti vya mbele walikuwa watu wazima: walimu, makarani, mabibi na mabwana shamba, baadhi yao wazazi. Kukaa mbali na nyumbani au kupangilia mshahara hakukuwageni kwao. Kilichowapa shida ni kurudi kwenye vitabu baada ya mkono kuzoea jembe au faili, tena vitabu vya Kiingereza. Mwishoni mwa muongo huo chuo kilianzisha mafunzo ya stadi za mawasiliano, ishara kwamba lugha ilikwisha kuwa kikwazo hata kwa watu wazima hao.

Sera ile ilikuwa na dhuluma zake. Barua ya Chama ilimpa kiongozi wa tawi rungu la kumnyima mtu elimu. Idadi ya wasichana iliporomoka, hata ikalazimu waruhusiwe tena kuingia moja kwa moja. Siilillii. Lakini tangu ilipoachwa katika miaka ya 1980, hakuna aliyeuliza kwa uzito kijana wa miaka 19 au 20 aandaliwe na nani.

Badala yake, mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulianza uchangiaji wa gharama. Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya 2004. Vyuo vikaongezeka, madarasa yakafurika. Milango ilifunguka kwa watoto wa wakulima kuliko wakati wowote, nami sitaki ifungwe. Ila kijana anayeingia leo ni mdaiwa kabla hajawa msomi. Asiyepata chumba hubebana na mwenzake kitanda kimoja. Anaketi nyuma kabisa ya ukumbi wenye mamia, akisikiliza lugha ambayo shule yake ya kata ilimfundisha kwa kukariri, mbele ya mhadhiri asiyemjua kwa jina. Akidisko, tunasema hakuwa na uwezo.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, baadhi yenu mkiwa na saini ya kuidhinisha malipo, lipo jambo lisilohitaji azimio jipya: fedha ya kujikimu iwe mkononi siku mwanafunzi anaposajiliwa, isisubiri hadi majaribio ya kwanza yamekwisha kufanyika. Kwetu wahadhiri, semina za mwaka wa kwanza zirudi kuwa za watu wachache, na zifundishwe na walimu wazoefu. Kwa sasa tunawaachia wasaidizi walioajiriwa jana.