Koili Imehama Mara Ngapi? Historia ya Unadhifu wa Injini, Tukiitazama Kutoka Kimihurura

Utangulizi

Kimihurura ni sekta ya wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Hapa ndipo lilipo jengo la Bunge, hapa ndipo Kigali Convention Centre ilipofunguliwa mwaka 2016, na hapa ndipo mlima uliotandikwa mawe ulipowatoa jasho waendesha baiskeli wa dunia nzima mwezi Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Ni mtaa unaopenda mpangilio. Katika mazingira ya namna hii si ajabu kumkuta kijana mwenye gari kuukuu akitaka hata chini ya boneti papendeze. Miongoni mwa mambo anayoweza kumwomba fundi ni kuhamisha koili: zitolewe juu ya injini zinapoonekana, zifichwe nyuma au pembeni, na waya zake zipitishwe mahali ambapo jicho halifiki.

Wapo wanaosema huo ni urembo mtupu. Wapo pia wanaosema ni ufundi wa hali ya juu. Hoja ya insha hii ni kwamba pande zote mbili zinasahau historia. Koili haijawahi kuwa na makao ya kudumu. Imehama mara kadhaa tangu magari yaanze, na kila ilipohama palikuwa na sababu. Tukifuata safari yake tutaona injini ya kila kipindi ilitengenezwa imtumikie nani: dereva, fundi, kiwanda au mtazamaji.

Koili ni nini?

Betri ya gari hutoa volti 12. Umeme huo ni mdogo mno kuruka kwenye pengo la plagi na kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Ndani ya koili mna waya wa namna mbili uliozungushwa kwenye kiini cha chuma: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba wenye mizunguko maelfu. Umeme unapopita kwenye waya mnene, sumaku hujengeka. Umeme huo ukikatwa ghafla, sumaku huporomoka, na waya mwembamba huzaa volti zinazoweza kuzidi 20,000. Hizo ndizo zinazotoa cheche.

Kanuni hii ilitokana na ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831. Mwaka 1860 Étienne Lenoir, akiwa Paris, alitumia koili kuwashia injini yake ya gesi. Basi koili ni kongwe kuliko gari lenyewe, kwa maana Carl Benz alipata hataza ya gari lake mwaka 1886.

Makao ya kwanza: mbele ya dereva

Ford Model T ilipoanza kuuzwa mwaka 1908 ilikuwa na koili nne, moja kwa kila silinda. Zilikaa ndani ya sanduku la mbao mbele ya dereva, na zilipofanya kazi zilivuma kama nyuki. Dereva alizisikia. Moja ikinyamaza, alijua ni silinda ipi imekufa, akaichomoa kwa mkono na kuweka nyingine. Wakati huo mwenye gari ndiye aliyekuwa fundi wake, hasa mashambani, na ndiyo maana koili ziliwekwa karibu naye. Hakuna aliyeuliza kama sanduku lile linapendeza.

Makao ya pili: koili moja na distribyuta

Charles Kettering na wenzake wa Dayton, Ohio, walileta mpango mwingine, nao ulianza kutumika kwenye magari ya Cadillac mwaka 1910. Badala ya koili nne, iliwekwa moja. Kazi ya kugawa cheche kwa kila silinda ikapewa kifaa kinachozunguka pamoja na injini, yaani distribyuta. Koili ikatoka mbele ya dereva ikaingia chini ya boneti: kopo dogo lililofungwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, au ubavuni mwa injini. Mpango huu ulitawala kwa zaidi ya nusu karne, na ndio uliofundisha vizazi vya mafundi wa Afrika Mashariki.

Mahali pa kopo hilo palikuwa na uzito wake. Mini ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1959, iliwekewa distribyuta upande wa mbele, nyuma tu ya wavu wa kupitishia hewa. Mvua ikinyesha, maji yaliingia na gari likazimika njiani. Katika eneo letu somo hilo lilifundishwa na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani msimu wa masika. Gari lililoshinda Safari halikuwa lazima liwe la kasi kuliko yote. Lilipaswa kuvuka tope na mito bila umeme wake kulowa. Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo watu wa kawaida walilitumia kubebea abiria na mizigo. Uhodari wa gari kama hilo ulitokana pia na wepesi wa kulitengeneza. Fundi alifungua boneti akaona kila kitu: koili, waya nne za plagi, distribyuta, kabureta. Aliweza kuufuata umeme kwa kidole kutoka betri hadi plagi. Injini ya kipindi hiki ilimtumikia fundi.

Makao ya tatu: juu ya plagi

Waya mrefu wa volti nyingi una udhaifu. Huchakaa, huvujisha umeme wakati wa unyevu, na huleta kelele redioni. Kompyuta za injini zilipoweza kuamua wakati wa cheche, distribyuta haikuhitajika tena. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Saab ya Sweden iliuza magari yenye koili zilizokaa moja kwa moja juu ya plagi. Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989 ilikuwa na koili sita, kila moja juu ya silinda yake, zote chini ya kifuniko kimoja. Baadaye Toyota ilifanya vivyo hivyo kwenye injini ndogo ya 1NZ-FE, ambayo abiria wengi wa Afrika Mashariki wamepanda nyuma yake bila kuijua jina, maana ndiyo iliyomo ndani ya Probox nyingi.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Koili moja kwa kila silinda ndiyo iliyokuwa mpango wa Model T mwaka 1908. Baada ya miaka themanini wahandisi walirudi kulekule, ila safari hii koili hazikuwekwa karibu na dereva wala fundi. Ziliwekwa karibu na plagi, na kwenye magari mengi zikafunikwa kwa plastiki. Cheche iliboreka na moshi ukapungua. Lakini anayefungua boneti leo huona kifuniko chenye nembo. Kiwanda kilianza kuficha injini kabla ya kijana wa Kimihurura.

Makao ya nne: mahali pasipoonekana

Mwaka 1997 Chevrolet Corvette ilipata injini ya LS1 yenye koili nane zilizofungwa juu ya vifuniko vya valvu, kila moja ikiunganishwa na plagi kwa waya mfupi. Wapenzi wa magari ya maonyesho nchini Marekani waliona koili hizo zinaharibu sura ya injini, wakaanza kuzihamishia nyuma ya injini au ubavuni. Mtindo huo uliungana na ule wa kuficha waya uliopendwa na wenye magari madogo ya Kijapani, na picha zake zikasambaa duniani kote.

Je, ni makosa kuzihamisha? Historia haitupi jibu la ndiyo au hapana, lakini inatupa vipimo. Kipimo cha kwanza ni waya. Kuna waya mdogo unaopeleka amri ya kompyuta kwenye koili, na kuna waya mkubwa unaotoka kwenye koili kwenda kwenye plagi. Wa kwanza unaweza kurefushwa ukiunganishwa vizuri, kwa unene uleule, na koili ikapata erthi ya uhakika kwenye injini. Wa pili kila ukirefushwa hurudisha matatizo ambayo wahandisi walitumia miongo kuyaondoa. Kwa injini kama 1NZ-FE, kuondoa koili juu ya plagi maana yake ni kurudisha waya ambazo gari hilo halikuzaliwa nazo. Kwa jina la usasa, fundi anarudi kwenye tatizo la mwaka 1910. Kipimo cha pili ni joto na maji. Koili iliyofichwa jirani na bomba la egzosi itaungua, na iliyofichwa chini, tairi linaporusha maji, itapata yaliyoipata Mini. Kipimo cha tatu ni mkono wa fundi: je, atakayelipokea gari hili likizimika usiku ataifikia koili bila kuvunja kitu?

Kwa upande mwingine, fundi anayevijibu vizuri vipimo hivyo amefanya jambo ambalo kifuniko cha plastiki kilimnyima. Amelazimika kusoma mchoro wa waya, kujua kila rangi inaelekea wapi, na kuingia tena mahali ambapo kiwanda kilimfungia mlango. Ndiyo maana siungi mkono wanaoliita jambo hili urembo mtupu.

Maneno yanayosafiri na koili

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina upande mwingine. Fundi wa Dar es Salaam au Nairobi husema plagi na koili, maneno yaliyotoka Kiingereza. Fundi wa Kigali au Bukavu aliyefunzwa na waliosoma kwa Kifaransa husema buji na bobini. Buji ndilo neno linalotumika pia kwa mshumaa, kama ilivyo kwa Kifaransa chenyewe. Wafaransa nao huiita distribyuta delco, jina la kampuni ya Kettering ya Dayton. Basi mafundi wawili wanaozungumza Kiswahili wanaweza kuinama juu ya injini moja na kila mmoja akataja kitu kilekile kwa historia yake ya ukoloni. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, lakini msamiati wa gereji zetu bado haujakusanywa vya kutosha.

Na muda hautungoji. Pikipiki za umeme za kubeba abiria zilianza kuonekana Kigali mwaka 2019. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa biashara ya kubeba abiria jijini. Mota ya umeme haina plagi, na kwa hiyo haina koili ya kuwashia. Hayo yatakuwa makao ya tano: koili haitakuwapo kabisa.

Hitimisho

Tumeona koili ikianza mbele ya dereva, ikaingia chini ya boneti mahali fundi anapoifikia, ikapanda juu ya plagi kwa faida ya kiwanda na ya hewa tunayovuta, na sasa inasukumwa pembeni kwa ajili ya macho. Kuhama huko kwa mwisho si kubaya kuliko kulikotangulia, mradi anayehamisha ajue kwa nini ilikaa pale alipoikuta. Kazi yetu sisi ni kwenda gereji tukiwa na daftari, tuwaulize mafundi wazee waliosafisha platini kwa msasa na kuufuata umeme kwa kidole, tuandike maneno yao na sababu zao. Pikipiki isiyo na koili tayari inapanda mlima wa mawe wa Kimihurura kila siku, na kijana anayejifunza ufundi juu yake huenda asipate nafasi ya kumuuliza mtu mwingine.