Mpira Unaopinda na Mzee wa Utepe

Mpigaji wa besiboli hahitaji kuambiwa kwamba mpira hupinda. Amekwishapiga hewa mara nyingi mno. Waliobisha ni watu wa pembeni. Mrushaji Candy Cummings wa Brooklyn alidai wazo la mrusho huo lilimjia mwaka 1863, akiwa kijana, akirusha makombe ya baharini na kuyaona yakienda upogo. Bado mwaka 1941 jarida la Life lilichapisha picha na kutia shaka: huenda macho tu ndiyo yanayodanganyika.

Cha ajabu, sababu ilikuwa imekwishaelezwa. Mwaka 1852 Mjerumani Gustav Magnus, akichunguza risasi za mizinga zinazokwenda kombo, alionyesha kuwa kitu kinachozunguka huielekeza hewa upande mmoja, nacho kikasukumwa upande wa pili. Kilichokosekana uwanjani ni kipimo.

Kipimo kilikuja mwaka 1959 kwa Lyman Briggs, mzee wa zaidi ya miaka 80, mkurugenzi mstaafu wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani. Ndiye aliyekabidhiwa na Rais Roosevelt kamati ya urani, mbegu ya bomu la atomiki, mwaka 1939. Besiboli, nadhani, ilimpa usingizi mzuri zaidi. Alibandika utepe mwepesi, bapa, kwenye mpira, akawaomba warushaji wa timu ya Washington Senators warushe. Mpira ukishadakwa, kazi ilikuwa kuhesabu tu utepe umejisokota mara ngapi. Kisha maabara: mpira uliozungushwa uliachiwa udondoke katikati ya upepo wa mashine, mara ukizunguka kulia, mara kushoto, akapima umbali kati ya sehemu ulipoangukia. Kwa mizunguko 1,800 kwa dakika na mwendo wa kilomita 110 kwa saa, mpira ulihama sentimita 44 hivi kabla ya kumfikia mpigaji.

Mwaka 2006 kamera zilianza kufanya kazi hiyo ya kupima uwanjani. Lakini takwimu ya “kupinda” inayoonyeshwa kwenye runinga huwapotosha wengi: mara nyingi hulinganisha mpira na mwenzake wa kufikirika usiozunguka kabisa. Ndiyo maana mpira wa kasi husemwa “unapanda”, kumbe unashuka pole kuliko mpigaji alivyotarajia.

Kamera za 2020, zinazoona mhimili wa mzunguko wenyewe, zilizidisha utata: baadhi ya mipira ilihama zaidi ya hesabu ya Magnus inavyoruhusu. Chanzo ni mishono, ambayo ikikaa mahali fulani huipasua hewa nyuma ya mpira bila usawa. Warushaji nao wakaanza kubadili namna ya kuushika.