Kutoka Wodini hadi Ubingwa: Njia ya Daktari wa Mara

Hadi miaka ya 1960, daktari wa Tanganyika aliyetaka ubingwa alikwenda Uingereza kufanya mitihani ya vyuo vya London na Edinburgh. Cheti kilitegemea zaidi alivyojibu siku hizo chache kuliko alivyohudumia wagonjwa mwaka mzima.

Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, na kutoka humo ikakua Muhimbili, ambako baadaye ubingwa ulianza kusomewa nchini. Hospitali za KCMC, Moshi, na Bugando, Mwanza, zilianza mwaka 1971. Kwa watu wa Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara, Bugando ndiyo iliyokuwa jirani: wagonjwa wa rufaa walipelekwa huko kwa barabara ya Lamadi na Magu. Chuo cha tiba kilipofunguliwa hapo mwaka 2003, daktari kijana wa Mara hakulazimika tena kuvuka nchi ili asome.

Vyuo hivi vilibadili kipimo chenyewe. Anayesomea ubingwa hupimwa miaka mitatu au zaidi: msimamizi humwangalia wodini na kuandika ripoti, naye mwanafunzi hufanya mitihani ya kati, huandika tasnifu, na mwishoni hukabili watahini wa ndani na wa nje. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, kilifuata njia nyingine. Mwanafunzi hubaki katika hospitali iliyoidhinishwa, na kila upasuaji huandikwa kwenye daftari linalokaguliwa kabla hajatahiniwa.

Je, alama za njiani hutabiri matokeo ya mwisho? Marekani, ambako wapasuaji wanafunzi wamekuwa na mtihani wa kila mwaka tangu 1975, tafiti zinaonyesha kuwa anayefanya vibaya humo yumo hatarini kuanguka mtihani wa bodi, ule wa ubingwa. Alama za maarifa hutabiri vizuri. Za mawasiliano na mgonjwa hutabiri kidogo, kwa kuwa mtihani wa maandishi hauyaulizi. Daftari nalo lina udhaifu wake: huhesabu operesheni, wala halisemi zilifanywa vizuri kiasi gani.

Ndiyo maana ripoti ya msimamizi haifai kuchukuliwa kama kivuli cha mtihani. Hospitali ya Kwangwa, Musoma, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere na ambayo ujenzi wake ulikwama kwa miongo kadhaa, inahitaji bingwa aliyefaulu kote kuwili, wodini na kwenye mtihani.