Neno Jimbo na Chaguzi za Mikoani nchini Kenya

Jimbo, katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, ni sehemu ya nchi yenye mipaka yake. Nchini Kenya, hata hivyo, neno hili lilitwishwa mzigo wa kisiasa, na historia yake haitengeki na historia ya chaguzi za mikoani na wilayani. Historia hiyo yaonyesha kwamba kura ya mwananchi huwa na thamani pale tu chombo kinachochaguliwa kinapokuwa na mamlaka na fedha.

Mwaka 1924 serikali ya kikoloni iliidhinisha Mabaraza ya Wenyeji. Mwenyekiti wa kila baraza alikuwa mkuu wa wilaya, naye alikuwa Mzungu. Mabaraza yalitoza ushuru, na wajumbe wengi walidai fedha hizo zijenge shule. Lakini maazimio yao hayakuwa na nguvu bila idhini ya serikali. Mjumbe aliweza kusema, kuamua hakuweza.

Hali ilibadilika mwezi Mei 1963. Kwa mujibu wa katiba iliyotokana na mazungumzo ya London, wapiga kura walichagua mabaraza ya majimbo pamoja na mabunge mawili ya taifa. KADU, iliyohofia jamii ndogo kumezwa na zilizo kubwa, ndiyo iliyoyapigania majimbo. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu. Ronald Ngala aliongoza jimbo la Pwani, na Daniel arap Moi jimbo la Bonde la Ufa. Hata hivyo, serikali kuu iliangukia mikononi mwa KANU, nayo haikuwa na haja ya kuyalea mabaraza hayo. KADU ilijivunja mnamo Novemba 1964, na Kenya ilipokuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huo, majimbo yalikwisha kunyang'anywa uwezo wake.

Mabaraza yakafa, jina likabaki. Nchini Tanzania jimbo liliendelea kwa utulivu kuwa eneo la kumchagua mbunge, huku mkoa ukichukua nafasi yake ya zamani katika utawala. Nchini Kenya wingi wake, majimbo, uligeuka kuwa jina la itikadi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 wanasiasa waliliita tena majukwaani katika Bonde la Ufa, wakati watu walipokuwa wakifukuzwa mashambani mwao kwa sababu ya kabila. Tangu hapo wengi walipolisikia neno hilo hawakufikiria katiba, bali moto na kuhama.

Wakati huohuo diwani alidhoofika. Sheria ya mwaka 1969 iliyaondolea mabaraza ya wilaya shule za msingi, afya na barabara. Uchaguzi uliendelea na ushindani ulikuwepo, lakini mshindi aliingia katika nyumba tupu.

Katiba ya mwaka 2010 ilirudisha mamlaka mikoani kwa jina jingine. Tarehe 4 Machi 2013 wapiga kura walichagua magavana na wawakilishi wa wadi katika kaunti 47, zilizohakikishiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Katika maandishi rasmi neno lililotawala ni kaunti, na utaratibu wote ukaitwa ugatuzi. Hivyo neno la kukopa lilipokewa pale ambapo neno la asili lilikuwa limekwisha kutiwa doa. Kisa hiki chawakumbusha wanaounda istilahi kwamba kamusi huhifadhi maana ya neno, lakini hofu yake huhifadhiwa na watu.