Udhibiti wa Viyoyozi na Hewa Safi: Kuokoa Umeme Bila Kudhuru Afya
Katika majengo ya ofisi, viyoyozi na mfumo wa kuingiza hewa safi hufanya kazi kwa kutegemeana. Hewa ya nje inayoingia wakati wa joto hulazimika kupozwa na, katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, kuondolewa unyevunyevu. Kazi hiyo hutumia umeme mwingi. Hata hivyo, kuziba matundu ya hewa si suluhisho, kwani hewa iliyotuama hurahisisha kuenea kwa maradhi ya njia ya hewa.

Udhibiti wa pamoja huondoa mgongano huo. Vihisi hupima kaboni dioksaidi ndani ya chumba. Kiwango kinapopanda kutokana na wingi wa watu, hewa safi huongezwa. Ukumbi ukiwa mtupu, feni hupunguzwa kasi. Kasi ikipungua kwa asilimia 20, umeme unaohitajiwa na feni huweza kushuka kwa karibu nusu.

Aidha, katika miji yenye usiku wa baridi kama Nairobi, hewa ya usiku yaweza kupoza jengo bila kuwasha kompresa. Vihisi visipohakikiwa mara kwa mara, faida hizo hupotea.