Dhaanto: Ngoma ya Mwendo wa Ngamia

Tazama miguu kwanza. Hatua ni fupi na za kudundadunda, shingo na mabega yakifuata, mithili ya ngamia anayekwenda mchakamchaka. Dhaanto ni ngoma ya Wasomali wa Ogaden, mashariki mwa Ethiopia, na kwa kuwa jamaa zao wako Kenya pia, Garissa nayo huicheza kama mali yake. Kwa asili haihitaji ala: makofi, vishindo na mtunzi mwenye sauti kavu vinatosha. Wanaume na wanawake hupanga safu, wakijibizana kwa mashairi. Husimuliwa kwamba wapiganaji wa Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, waliopambana na Waingereza hadi 1920, waliicheza kujitia ari. Siku hizi arusini kinanda cha umeme huisindikiza, tena kwa sauti ya juu mno.